Kupunguza pombe ili kuzuia kipigo nyumbani: njia ipi kwa nyumba ipi hapa Mombasa

Anayekuja kuomba msaada huanza na pombe. Atasema mume wake hana neno akiwa hajanywa. Tatizo ni tembo, ile pombe ya mnazi, na tembo likiachwa nyumba itatulia. Mhudumu wa afya ya jamii wa Likoni, mchungaji wa Changamwe au imamu wa Kisauni anayesikiliza maneno hayo ana njia kadhaa mbele yake, na mtaani zote huitwa jina moja: kumwachisha pombe. Kumbe hazifanani hata kidogo. Zipo zinazopunguza pombe na kukiacha kipigo palepale, zipo zinazopunguza vyote viwili, na zipo ambazo zikitumiwa mahali pasipofaa humtia mke hatarini kuliko alivyokuwa. Hapa tunazipanga kwa kipimo kimoja: baada ya miezi sita, mke huyu atakuwa salama zaidi au la? Na si jambo la nyumba chache. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15.

Pombe hufanya nini, na nini haifanyi

Pombe hulegeza ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kutenda lolote lililomjia kichwani, na humfanya asome vibaya uso na sauti ya mwenzake. Swali la "umeacha pesa ya kodi?" humwingia kama tusi. Tena hula fedha, na ugomvi wa karo na unga huanza hata kabla chupa haijafunguliwa. Asubuhi yake, mwili unaodai pombe huwa na hasira za karibu. Kwa njia hizo tatu, kupunguza pombe hupunguza kipigo kweli.

Lakini yupo mwanamume anayetoka mangweni, kilabu cha mnazi, akiwa chakari, akamsalimia mlinzi kwa adabu, akamheshimu mwenye nyumba, kisha akafunga mlango ndipo akampiga mkewe. Huyo uwezo wa kujizuia alikuwa nao njia nzima. Ukiuliza zaidi utasikia kwamba hata siku ambazo hajaonja kitu hupekua simu ya mkewe, humtaka hesabu ya kila shilingi na humkataza kwenda kwao. Ukimwachisha pombe bila kugusa mengine, amri zake zitabaki zile zile, ila sasa atazitoa akiwa na akili timamu. Basi usichague njia kabla hujajua unashughulika na nyumba ya aina gani.

Vipimo viwili kwanza

Cha kwanza ni AUDIT, maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani. Kila swali lina alama 0 hadi 4, jumla ni 40, na huchukua dakika chache tu. Alama 0 hadi 7 ni hatari ndogo. Kuanzia 8 hadi 15 anahitaji ushauri, 16 hadi 19 ushauri wa kurudiwa na kufuatiliwa, na 20 kwenda juu apelekwe kwa mtaalamu, kwa kuwa huenda mwili wake umeshazoea pombe kiasi cha kutoweza kukaa bila hiyo.

Panapoharibika ni kwenye swali la pili, "hunywa vinywaji vingapi". Kinywaji kimoja kwa AUDIT ni gramu 10 za kilevi chenyewe, na mnywaji wa Mombasa hapimi hivyo. Hesabu ni hii: mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 16 na ushee, karibu vinywaji viwili. Kichupa cha mililita 250 cha pombe ya asilimia 40 ni gramu 79, yaani vinywaji vinane. Tembo la mnazi halina lebo. Lililogemwa asubuhi ni tamu na kilevi chake kidogo. Likikaa hadi jioni limekuwa kali. Ukilikadiria kwa asilimia 5, lita moja ni vinywaji vinne, na anayesema "mimi nanywa lita mbili tu" amekunywa vinane. Chang'aa usiikadirie. Nguvu yake hutegemea mpishi, na iliyotiwa methanoli hupofusha na kuua. Andika ni vipimo vingapi, umhesabu kama mnywaji wa pombe kali.

Swali la sita huuliza kuhusu kinywaji cha asubuhi, kile cha kutoa loki, yaani kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Jibu lake liwekee alama pembeni hata kama jumla ni ndogo, maana linaamua kama mtu huyu aweza kuachia pombe nyumbani.

Kipimo cha pili ni cha hatari kwa mke, na huyu huulizwa peke yake: si mbele ya mume, si mbele ya mama mkwe, wala si kwa simu iliyowekwa spika. Amewahi kukabwa koo? Ametishwa kwa kisu au panga, au kuambiwa atauawa? Kipigo kimezidi miezi ya karibuni? Alipigwa akiwa mjamzito? Hulazimishwa tendo la ndoa? Mwenyewe anaamini mume aweza kumuua? Kukabwa koo kuna uzito wa pekee, hata pasipobaki alama shingoni, kwa sababu mwanamke aliyekabwa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mtu yule yule. Akijibu ndiyo kwenye koo, silaha au tishio la kuua, mpango mzima hugeuka: usalama wake unatangulia, na pombe ya mume hushughulikiwa na mtu mwingine, siku nyingine.

Mazungumzo mafupi, au vikao vya wiki kwa wiki

Mazungumzo mafupi hufanyika zahanati, dakika 5 hadi 30. Muuguzi humwonyesha mtu alama zake, humweleza madhara yanayomhusu yeye hasa (presha, vidonda vya tumbo, kibarua kilichopotea), humwacha achague lengo mwenyewe, na huliandika. "Siku za wiki sinywi, Jumamosi chupa tatu" ni lengo. "Nitajitahidi" si lengo. Kwa mwenye alama 8 hadi 15 njia hii hupunguza pombe, na haidai jengo wala daktari bingwa.

Kwa kipigo, hata hivyo, usiitegemee. Huko Goa, India, palifanyika jaribio lililochapishwa 2017 ambapo washauri wasio wataalamu walikaa na wanaume wanywaji kwa vikao vinne au pungufu. Baada ya miezi mitatu, asilimia 36 ya waliopata ushauri walikuwa wametoka kwenye unywaji wa kudhuru, dhidi ya asilimia 26 ya wasioupata. Hayo ni mafanikio. Lakini kwenye kuwapiga wake zao, hapakuonekana tofauti kati ya makundi mawili.

Lusaka, Zambia, walikwenda njia nyingine. Jaribio lao lililochapishwa 2020 lilichukua familia 248 ambazo mume alikuwa na unywaji wa kudhuru na mke alikuwa akipigwa. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Vikao vilikuwa 6 hadi 12, vya kila wiki, na mume na mke walihudumiwa mbali mbali. Mume alifundishwa kupunguza pombe na kuyachunguza mawazo yanayomtangulia kabla hajainua mkono. Mke alisaidiwa kwa majonzi na hofu yake, na kila mmoja alizungumziwa usalama. Pombe ilipungua, na kipigo kilipungua. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa kwa nyumba ambayo ulevi na kipigo vimeshikana lakini hakuna dalili za kuuawa. Haihitaji kaunsela wa shahada. Inahitaji mafunzo, msimamizi, na uvumilivu wa miezi mitatu.

Inavyokwenda kombo inajulikana. Mume huacha kuja baada ya kikao cha tatu, mara nyingi kwa sababu saa ya kikao iligongana na zamu ya bandarini au na kibarua cha siku. Uliza zamu zake kabla ya kupanga, na mpe nyakati mbili tofauti achague mmoja. Kosa baya zaidi ni mshauri kubeba maneno. Neno moja kama "mke wako ameniambia…" linatosha kumletea kipigo usiku ule ule. Mke na mume wawe na washauri tofauti, siku tofauti, na mshauri wa mume asijue aliyosema mke.

Kikao cha kwanza na mume kitumike kuorodhesha vishawishi kwa majina: siku ya mshahara, mechi ya usiku, maskani fulani, simu ya mwenzake fulani. Kisha apange. Siku ya mshahara atapitia njia ipi kurudi nyumbani? Kodi na karo atazituma kabla hajatoka kazini? Usimshauri mke ashike pesa za mume, kwa sababu jioni mume akizitaka akanyimwa, yeye ndiye atakayelipia. Mume akubali pia kanuni hii: akinywa, halali nyumbani, analala kwa kaka yake, na hoja ya fedha haiguswi mpaka kesho mchana. Kaka mwenyewe aulizwe mapema.

Kuachia nyumbani, au hospitalini

Hapa ndipo watu hufa kwa kutojua. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatiza ghafla, ndani ya saa 6 hadi 24 huanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege huweza kumshika ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona visivyokuwepo, hushikwa na homa, na wasipotibiwa hufa. Kwa Waislamu wanywaji kuna tarehe ya kuangaliwa zaidi: siku za mwanzo za Ramadhani, mtu anapoacha kwa nia njema usiku mmoja bila kumwambia yeyote, kwa kuwa hata alipokuwa akinywa alinywa kwa siri. Aliye na alama 20 na zaidi aanze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo.

Kuachia nyumbani kunawezekana kwa ambaye hanywi asubuhi, hajawahi kupata degedege, hana ugonjwa wa ini wala wa moyo, na ana mtu mzima asiyekunywa wa kukaa naye siku nne. Mtu huyo asiwe mke anayepigwa. Mwanamume anayetetemeka, asiyelala, mwenye hasira na pengine anayeona watu ukutani si wa kufungiwa chumba kimoja na mke aliyezoea kupigwa naye. Akae kwa ndugu yake wa kiume, na mke na watoto walale kwingine.

Wengine wote waende hospitali. Coast General ya Makadara hupokea dharura, kitengo cha afya ya akili kiko Port Reitz, na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina kituo cha matibabu Miritini. Kinachofanyika ni dayazepamu, dawa ya kutuliza, ya kupunguzwa siku baada ya siku, kwa kawaida chini ya usimamizi wa karibu wiki moja, pamoja na vitamini B1. B1 hutangulia dripu ya glukosi, kwa sababu mwili uliokauka B1 ukipewa sukari nyingi mshipani, ubongo waweza kuharibika moja kwa moja. Jamaa aliyemleta mgonjwa amweleze daktari wazi kwamba huyu ni mnywaji wa kila siku na mara ya mwisho alikunywa lini. Wanaoficha kwa aibu humnyima mgonjwa hiyo dawa.

Kituo cha kulala, kwa kawaida miezi mitatu, kina faida ambayo haisemwi sana: mke hupata nafasi ya kupumua, kuhamisha vyeti vya watoto na kufikiri bila woga. Hasara yake ni siku ya kurudi. Mume aliyekokotwa na jamaa hurudi na kinyongo kwa "aliyenipeleka". Hivyo barua ya rufaa itoke kwa daktari au mwajiri, jina la mke lisionekane popote, na mshauri azungumze na mke wiki mbili kabla mume hajatoka kituoni.

Vidonge

Naltreksoni, miligramu 50 kwa siku, hupunguza hamu ya kuendelea kunywa. Mombasa ina tahadhari yake: anayetumia heroini, au aliye kwenye methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) ya kliniki ya Kisauni, asipewe kabisa, kwa kuwa itamwangusha papo hapo kwenye arosto kali, yale mateso ya mwili uliokosa heroini. Uliza kuhusu unga, yaani heroini, kabla ya kuuliza kuhusu ini. Akamprosati humfaa ambaye tayari ameacha na anataka kubaki hivyo.

Disulfiramu humfanya anayekunywa juu yake awe mwekundu, atapike, moyo upige mbio na presha ishuke. Huanzwa angalau saa 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na nguvu yake hubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kuiacha. Inamfaa mume anayeitaka mwenyewe na kuimeza mbele ya mtu anayemwamini. Kuna ushauri unaozunguka wa kuisaga na kuitia kwenye chai au mchuzi. Usiufuate. Aweza kufa, na akigundua, mke atalipa kwa mwili wake.

Kuwakalisha pamoja

Tiba ya ulevi kwa mke na mume pamoja imechunguzwa kwa miaka mingi Marekani. Wanaume walioacha kunywa baada yake, kipigo kilishuka sana. Waliorudia pombe, kipigo kilibaki juu. Inafaa pale mke haogopi kusema neno mbele ya mumewe, na asiyeogopa utamjua ukimuuliza peke yake. Mwenye jibu la ndiyo kwenye maswali ya hatari asikalishwe hivyo.

Suluhu ya wazee ni jambo jingine, ingawa inafanana kwa macho. Wazee wa familia, au wa mtaa, hukaa barazani, mume huomba radhi, pombe hulaumiwa, mke huambiwa avumilie. Tunawaheshimu wazee, na wapo waliomtoa binti yao kwenye nyumba ya mauti. Ila suluhu isiyo na kipimo cha pombe, isiyo na tarehe ya kufuatilia, na inayomtaka mke aeleze mateso yake mbele ya anayemtesa humwacha mahali alipokuwa na kumfungia mlango wa kurudi kulalamika. Mzee anayetaka kusaidia amchukue mume kando, amwambie wazi kuwa kipigo hakina udhuru wa tembo, na ampeleke mwenyewe kliniki.

| Njia | Inamfaa nani | Muda | Pombe | Kipigo |
|---|---|---|---|---|
| Mazungumzo mafupi | AUDIT 8–15 | Dakika 5–30 | Hupungua kiasi | Usitegemee |
| Vikao, mke na mume mbali mbali | Ulevi na kipigo vimeshikana | Wiki 6–12 | Hupungua | Hupungua |
| Hospitali na kituo | 20+, kinywaji cha asubuhi | Wiki hadi miezi 3 | Huacha, wengi hurudia | Hatari siku ya kurudi |
| Kukaa pamoja | Mke haogopi kabisa | Miezi | Hupungua | Hushuka mume akiacha |
| Suluhu ya wazee peke yake | Hatuipendekezi | Siku moja | Haibadiliki | Hufichwa |

Vikundi vya walevi wanaosaidiana, mfano wa AA (Alcoholics Anonymous), ni vya kuendeleza baada ya njia hizi, hasa kwa sababu havilipishwi na vipo usiku, saa ambazo zahanati imefunga.

Kuushughulikia mtaa mzima

Badala ya mtu mmoja, waweza kuushughulikia mtaa. Sheria ya vileo ya 2010 iliweka saa za baa kuwa 11 jioni hadi 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti, na mkazi ana haki ya kupinga ombi la leseni kwa maandishi. Pinga kwa mambo yanayopimika: umbali hadi shule, kelele za usiku, tarehe za ugomvi ulioandikwa OB, kitabu cha matukio cha polisi.

Matarajio yawe ya kweli. Diadema, Brazil, ilipoamuru baa zifungwe saa 5 usiku mwaka 2002, mauaji yalishuka waziwazi; kwa mashambulizi dhidi ya wanawake dalili ilikuwa dhaifu zaidi. Baa ikifungwa mapema, wengine hubeba chupa nyumbani, na nyumbani ndiko mke aliko. Mombasa ina tatizo lake la mpaka pia: ukibana Kisauni, mnywaji huvuka daraja la Mtwapa akawa Kilifi, kwenye kaunti nyingine, akarudi usiku zaidi na akiwa ametumia zaidi. Mangwe nazo zikivamiwa bila mpango huhamia uani, na mnazi mwepesi hupisha chang'aa. Njia hii ifanyike kwa kaunti mbili pamoja, na isichukue mahali pa vikao.

Baada ya kuanza

Chochote ulichochagua, mke aulizwe peke yake wiki ya 2, ya 4, ya 12 na ya 24. Usimuulize "mzee ameacha?" Muulize kama amepigwa, kama ametishwa, kama anatoka na kupokea simu kwa uhuru, kama analala bila kusikiliza mlango. Pombe ikiwa imeshuka na majibu haya hayajabadilika, njia hiyo imeshindwa na ibadilishwe.

Kurudia kunywa kunatarajiwa, basi mpango wake uandikwe kabla: mke ataenda kwa nani, watoto watabebwa na nani, nauli ya tuktuk iko wapi, kitambulisho kiko kwa nani. Nambari 1195 hupokea kesi za dhuluma za kijinsia bila malipo, mchana na usiku. 1192 ni ya NACADA. 116 ni ya watoto. Aliyeumizwa aende hospitali kabla ya kuoga ikiwa alilazimishwa tendo la ndoa, ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia HIV, na majeraha yaandikwe kwenye fomu ya polisi ya P3. Kwa sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, na haimtaki mke awe amevunjika mfupa kwanza.